Hodi ya Tatu

Usiku wa jana niliota nimesimama nje ya chumba cha mafaili cha kituo chetu cha afya, na kitasa cha mlango kinaniuliza mimi ni nani.

Ajabu ni kwamba mlango ule ulikuwa wangu. Mfumo wa kompyuta wa kituo kile nimeuandika mimi, na jana hiyohiyo, kabla ya magharibi, nilikuwa nimemaliza kuweka masharti ya kuingia. Neno la siri liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Ukikosea mara tatu, akaunti inafungwa milele, labda msimamizi aifungue. Bi Zaina, mkunga wetu, alilalamika. "Mwanangu, nina mtu anazaa, mikono ina damu, hizo alama nitazikumbuka saa ngapi?" Nikamjibu, "Ndio usalama huo, mama." Nikafunga kompyuta yangu, nikaibeba nikaenda zangu nyumbani.

Sasa niko mlangoni, na huko mwisho wa ukumbi mdogo wangu Mwanakombo analia kwa uchungu wa uzazi. Uzazi wa kwanza alitokwa na damu nusura tumpoteze, na kundi la damu yake ni la nadra. Limeandikwa kwenye faili lake, na faili limo ndani. Bi Zaina anapiga kelele, "Kundi gani? Nitajieni kundi!"

"Hodi," nasema.

"Nani?" Kitasa kina sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi.

"Mimi."

"Mimi nani? Hukufunzwa kwenu? Mtu akiulizwa nani, anataja jina. Hodi ya kwanza hiyo imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Hodi ni tatu. Ukikosa kuitikiwa unarudi ulikotoka. Hayo ni ya wazee wako. Milele umeiongeza wewe."

Nataja jina langu lote, Mwanasha binti Shekue, na neno la siri nalitamka polepole.

"Herufi kubwa iko wapi?"

Herufi kubwa inakuja. Ni A, mnene, kajitanua miguu, anahema. Anaomba kiti kwanza kwa sababu ya magoti. Ukumbi mzima hauna kiti. Namuuliza Saba, tarakimu yangu, yuko wapi, ananiambia Saba yuko likizo.

"Basi niitie Nane!"

"Nane ulimtumia mwezi uliopita," kinasema kitasa. "Harudiwi."

Lo! Nasimama pale nimeshika kiuno, na kitasa kinakohoa.

"Nani?"

"Si nimekwambia sasa hivi!"

"Umenyamaza. Anayenyamaza namsahau."

"Mwanasha binti Shekue! Na neno la siri nimelisahau, umeridhika? Niulize lile swali la aliyesahau."

"Mnyama wako wa utotoni aliitwa nani?"

Jamani. Swali lile nililinakili kutoka mtandao wa Wazungu, neno kwa neno, bila hata kujiuliza nani kwetu kampa mnyama jina. Hata kabla sijajibu, ukumbi haupo. Tuko uani kwa mama, Pangani. Mlango umesimama peke yake mchangani, hauna ukuta, lakini umefungwa vilevile. Nazunguka nyuma yake, nakuta ni mbele.

Anatokea kuku mwekundu. Ni yule tuliyekuwa naye nikiwa mdogo.

"Kitajie jina langu," ananiambia.

"Hukuwa na jina. Hatukukuita, tulikufukuza."

"Mlinifukuza mkisemaje?"

"Shii."

Kuku anageukia kitasa. "Andika hivyo."

"Fupi mno," kinasema kitasa. "Hodi ya pili imekwenda."

"Nimewatagia mayai," kuku ananiambia, "mkanichinja Idi, na jina hamkunipa."

"Nisamehe."

"Nisamehe haina tarakimu," kinasema kitasa.

Hapo nikapandwa na hasira za kweli. "Wewe! Msimamizi wa mlango huu ni nani?"

"Mwanasha binti Shekue."

"Ndiye mimi! Fungua!"

"Ingia kwanza, ndipo ufungue."

Nikainua ngumi niupige mlango. Ndipo nikagundua Mwanakombo halii tena. Hasira zote zikanitoka, nikabaki na woga mtupu. Hodi moja tu imebaki, nikikosea ni milele, na mdogo wangu yuko huko. Nikafumbua mdomo.

"Hodi! Hodi!"

Haikuwa sauti yangu. Niko kitandani, alfajiri, na mlango wa chumba changu unagongwa.

"Nani?"

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Dada, una wazimu? Mwanakombo! Chupa imepasuka!"

Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ukuta. Nikampigia simu Bi Zaina. Alikuwa zamu. "Mlete upesi," alisema. "Faili lake nalitafuta hapa, lakini hii mashine yako, mwanangu, hii mashine yako..." Akakata.

Nikafungua kompyuta. Tangu jana kabla ya magharibi hakuna aliyeigusa. Kwenye skrini lilikuwepo swali la mnyama wa utotoni, na kwenye kisanduku cha jibu palikuwa pameandikwa: Shii. Chini yake, kwa maandishi mekundu: Fupi mno. Umebakiwa na jaribio moja.

"Dada, unasubiri nini?"

"Napiga hodi."

Nikaandika jina langu lote, kisha neno la siri, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Saba safari hii alikuwepo. Ikafunguka. Milele nikaifuta, mara tatu nikazifanya kumi, swali la mnyama nikalitupilia mbali. Kisha nikanyakua mkoba wa mtoto tukashuka ngazi, Mwanakombo akinisema njia nzima.

Kituoni, Bi Zaina alikuwa ametoka nje kabisa, na kitanda cha magurudumu.

"Karibuni, karibuni," alisema, hata hodi hatujapiga. "Nimekosea mara nne, nikasema leo nimekwisha. Ya tano ikanikubali. Kundi nimeliona, damu nimeshaiagiza, iko njiani. Haya, mwanangu, panda."