Msumari wa Ijumaa

Simu ya duka ililia kengele yake ya Ijumaa, na mama mkwe, aliyekuwa amelala ubavu akitazama ukuta, akasema bila kugeuka:

"Msumari huo umekuja. Nisomee."

Mkamwana wake akaacha kumkanda miguu, akajifuta mafuta mikononi, akaichukua simu. Mume wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, watu walimwita Msumari kwa sababu mbili: aliuza misumari, na neno lake likishaingia halitoki. Kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya hesabu aliyoitumia dukani ilimpenda kwa ulimi wake huo. Kila Ijumaa iliwatumia wateja wake wote ujumbe wa simu, habari za kampuni juu, na chini dondoo moja ya kazi kutoka kwa Msumari, pamoja na picha yake akicheka mpaka pengo linaonekana.

"'Habari njema,'" mkamwana alisoma. "'Sasa programu yetu inatoa risiti hata mtandao ukikatika. Msumari wa Ijumaa: usifunge duka kabla hujafunga hesabu. Hesabu ya jana ni chai ya jana, ukiipasha moto leo hata mwenyewe huinywi.'"

Bibi pale kitandani akacheka kwa upande mmoja wa uso, maana ule mwingine kiharusi kilishauchukua. Kisha kicheko kikakatika.

"Ana muda wa kuwauliza watu wasiomjua kama wamefunga hesabu. Mimi hana muda wa kuniuliza nimeamkaje."

Mkamwana akarudia kumkanda miguu. Msumari alikuwa kaburini tangu mvua za kwanza.

Lori alilopanda kuleta saruji liligongana na basi kwenye mteremko. Mama yake wakati huo alikuwa wodini, kiharusi bado kibichi mwilini, na daktari alikuwa ameonya kwamba mgonjwa asishtuliwe, moyo hautahimili. Basi Kaka Mkubwa, mwana wa kwanza wa bibi, akawakusanya ndugu baada ya maziko akawaambia, "Mama asijue. Msumari amevuka mpaka kutafuta mali ya bei nafuu, huko simu hazishiki. Akipata nguvu tutamwambia taratibu." Ndugu wakaitikia, kila mmoja akarudi kwake. Aliyebaki na uongo ndani ya nyumba, kuulisha na kuuogesha, ni mkamwana, mjane wa Msumari.

Nguo zake za msiba alizificha chini ya kaunta. Nyumbani alivaa maua, dukani alivaa nyeusi. Akitaka kulia huenda nyuma kwenye mifuko ya saruji, na mteja akiuliza mbona macho mekundu, husema ni vumbi. Majirani walizuiwa mlangoni, eti daktari amekataza wageni. Na kampuni haikujua lolote, kwa kuwa ada ya programu ililipwa kama kawaida. Msumari alipokuwa hai alizoea kupita ofisini kwao, akaongea mpaka kikombe kipoe, na binti mmoja pale akawa anamrekodi. Walikuwa na akiba ya maneno yake kama mtu mwenye ghala.

Mwanzoni mjane aliona hizo jumbe ni rehema. Bibi alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Huyo ndiye mwanangu, hana adabu hata kidogo." Uongo ukapata ushahidi. Lakini Ijumaa zikafuatana, na bibi akaanza kuhesabu kile kisichokuja.

"Mama, anakusalimu," Kaka Mkubwa alikuwa akimwambia.

"Salamu zako zina harufu yako. Mbona wateja anawaandikia mwenyewe?"

Ikaja Ijumaa ambayo mjane aliikumbuka kila alipofumba macho. Dondoo ilisema: "Mteja ni mgeni wa kila siku. Msalimie kwanza, bei baadaye. Salamu haina kodi."

Bibi akaukazia macho ukuta.

"Salamu haina kodi," alirudia. "Mimi niliuza cherehani yangu apate mtaji. Nimelala hapa kama gogo, nageuzwa nikigeuzwa, na yeye salamu anawafundisha wengine. Sikiliza, mwanangu, na umfikishie kama anavyofikisha yeye misumari yake. Radhi zangu nimeziondoa kwake. Asipokuja akasimama hapa nikamwona, radhi sina."

"Mama! Usiseme hivyo, mama!"

"Nimeshasema."

Mwana aliye hai akinyimwa radhi hurudi, hupiga magoti, huomba mpaka mama alegee. Aliyezikwa atapiga magoti yapi? Maneno yalimjaa mdomoni, amekufa mama, amekufa, zirudishe haraka. Akayameza yote kama mtu anayemeza mfupa, akatoka na beseni la maji machafu.

Akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya mbao ya Kaka Mkubwa.

"Shemeji, tumwambie leo."

"Tukamzike na yeye? Kaburi hilo utachimba wewe?"

"Ameondoa radhi kwa Msumari."

Kaka Mkubwa akazima msumeno. Vumbi la mbao likatua kwenye nyusi zake, asilifute.

"Ni maneno ya mgonjwa hayo."

"Maneno ya mama ni maneno ya mama. Wewe unajua kuliko mimi."

"Mimi najua kwamba daktari alisema moyo!" Akageuka upande. "Tafuta njia ya kumtuliza. Wewe ndiye unayekaa naye."

Ndiyo zao hizo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyekutwika haulizi shingo inaendeleaje.

Njia ikajitafuta yenyewe, tena mbaya. Kesho yake binti wa kampuni akapiga simu: akiba ya Bwana Msumari imekwisha, lini atapita waongee? Mjane akafunga duka akaenda. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja naye. Akawaeleza yote, binti na bosi wake. Binti alijifunika uso.

"Jana tu nilikuwa namsikiliza kwenye rekodi," alisema. "Alikuwa anacheka."

"Pole sana, shemeji," bosi alisema. "Huyu alikuwa wetu." Na alikuwa na huzuni kweli, lakini huzuni yake ilikuwa imekaa kiti kimoja na hesabu zake. "Tutaandika tangazo la msiba."

"Hapana! Mama yake husomewa." Mjane akaiegemea meza. "Naomba jambo moja. Ijumaa hii mwandikieni mama salamu. Kwa jina la Msumari, kama alivyokuwa akisema. Aseme anamkumbuka, amwombe amsamehe. Mama akizisikia salamu atarudisha radhi, baadaye tutajua la kufanya."

Binti akamtazama bosi. "Bosi, huyu ni marehemu."

"Marehemu ametuachia jina, na jina halizikwi. Habari zetu hakuna anayezisoma, watu wanamfungua Msumari." Akamgeukia mjane. "Nenda na amani, shemeji. Nitaandika mwenyewe, na salamu zitakuwemo."

Hapo ndipo mjane alipopaswa kusema la, basi, niachieni mume wangu. Akashukuru, akashuka ngazi.

Ijumaa ikafika. Siku hiyo mjane alimwogesha bibi mapema, akambadilishia shuka, akamwinulia mto. Simu ilipolia, aliidaka kwa matumaini. Hakuipitia kwanza, alikuwa msomaji wa polepole, na aliogopa kwamba akisoma peke yake atalia kabla hajafika kitandani.

"'Habari njema. Toleo jipya limefika, lina kitufe cha madeni. Msumari wa Ijumaa: leo namsalimu mama yangu mzazi.'"

Bibi akajiinua kwa kiwiko kizima. Uso wote, hata ule upande uliokufa, ulionekana kama umefunguliwa dirisha.

"Amesema hivyo? Mama yangu mzazi?"

"Ndiyo, mama. 'Namsalimu mama yangu mzazi aliyenilea kwa jasho lake. Nampenda mno, lakini biashara ni biashara. Hata mama akichukua kopo la rangi, nabonyeza kitufe cha madeni, na mwisho wa mwezi programu inamkumbusha...'"

Akaishusha simu.

"Rudia," bibi alisema.

Mjane akarudia salamu, akaishia hapo.

"Na lililobaki."

"Mama, si kitu, ni mambo ya kampuni..."

"Lililobaki, nimesema."

Akalisoma lote, mpaka mwisho, ambapo bosi alimalizia kwamba ndugu nao waandikwe bila haya. Bibi alirudi polepole kwenye mto. Nje mtu alikuwa akiburuta mkokoteni, na walisubiri wote wawili mpaka upite, kama kwamba ndio uliokuwa unaongea.

"Siku anafungua duka lile," bibi alisema, "alinikalisha nyuma ya kaunta, akaniambia, mama, zungusha macho, humu ndani hakuna kitu chenye bei yako. Mwanangu anaweza kunisahau. Wana husahau. Kunidai hawezi. Huyo aliyeandika hapo si yeye."

"Labda kampuni wame..."

"Mtu mwenye mdomo wake hasemewi. Geuka huku. Niangalie." Mjane akaangalia. "Amekufa lini?"

Hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Akapiga magoti kando ya kitanda akasema yote: lori, mteremko, wodi, Kaka Mkubwa, nguo nyeusi chini ya kaunta, ngazi zinazonuka mpira. Moyo ambao watu wazima waliulinda kwa uongo miezi yote ile haukupasuka. Uliendelea kudunda, na bibi akaendelea kuuliza.

"Nani alimfumba macho?"

"Sijui, mama. Nilimkuta ameshafumbwa."

"Siku niliyoondoa radhi, alikuwa ameshazikwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, umeshika mguu wangu."

"Ndiyo, mama."

"Ukaenda kumwaga maji."

Mjane akaulaza uso ukingoni mwa kitanda.

"Kifo kiliniibia mwana," bibi alisema. "Nyinyi mmeniibia msiba. Nimemnung'unikia marehemu mchana na usiku, nikidhani namnung'unikia mtu." Akafunga macho. "Mpigie huyo bosi. Mwambie amtoe mwanangu mdomoni mwake."

Mjane akapiga, na aliyepokea ni binti. Alisikiliza, akasema, "Sawa, mama," na bila kumuuliza bosi akawatumia wateja wote habari moja tu isiyo na dondoo wala kitufe: Msumari amefariki, walioandika kwa jina lake Ijumaa hii ni kampuni, si yeye. Siku hiyo binti alikusanya vitu vyake ofisini akateremka, kazi ameiacha, lakini hilo mjane alikuja kulisikia baadaye. Alichokiona yeye ni simu ya duka ikianza kulia na isinyamaze. Fundi bomba wa mji asioujua. Muuza vitambaa. Mama mmoja wa duka la dawa aliyeandika kwamba dondoo za Msumari zilimfanya acheke mwaka aliokuwa hana la kuchekea. Pole, pole, pole. Bibi alitaka asomewe zote. Alizisikiliza hadi jioni, machozi yakitiririka upande mmoja, na kila moja ikiisha alisema, "Nyingine." Huo ndio ukawa msiba wake, wa kupokea rambirambi kwa watu wasiojua hata sura yake.

Kaka Mkubwa alifika akihema, akakuta mama yake ameshavishwa viatu.

"Mama, daktari..."

"Nibebe, au nitatambaa."

Wakamweka kwenye kiti, kiti wakakifunga nyuma ya pikapu ya saruji, mjane akiwa ameshikilia mgongo wa kiti njia nzima. Makaburini waliteremsha kiti mpaka kando ya udongo uliokwisha kushuka na kuota majani. Hapakuwa na kibao. Ndugu waliogopa kuandika jina ambalo lingesomwa. Bibi akaomba ainamishwe, akaweka mkono wake mzima juu ya udongo.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. "Nilikusema vibaya na wewe huna pa kunijibia. Radhi zangu zote ni zako, za tumbo na za ziwa. Sijui kama maneno ya juu yanafika huko chini. Kama hayafiki, sitachelewa, nitakuja kukuambia mwenyewe."

Kaka Mkubwa alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kaburi, akilia kama mtoto. Bibi hakumtazama.

Wakamwinua, wakamkalisha sawa. Mjane alimpangusa udongo vidoleni, kimoja kimoja, akashindwa kujizuia.

"Na mimi, mama?"

Bibi alimtazama. Huyu ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgeuza usiku asipate vidonda, na akamsomea Ijumaa baada ya Ijumaa kwa sauti isiyotetemeka.

"Wewe ungali hai," alisema. "Subiri."

Kaka Mkubwa akashika kiti upande mmoja, mjane upande wa pili, wakamwinua. Mabega yote mawili yalikuwa karibu naye, lakini bibi alijishikilia kwenye ubao wa kiti mpaka kwenye gari.