Chupa Iliyoingia Ukungu

Katika maabara ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi walimwita Dada Miwani, maana kila aliyesukuma mlango alipokewa na neno hilo kabla hata ya salamu: "Miwani!" Kama hukuvaa miwani ya kinga unarudi nje ukaivae, hata uwe profesa. Alikuwa fundi wa maabara na mtunza stoo ya kemikali kwa miaka kumi na tisa, mwanamke wa makamo, mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi kila siku ya Mungu, ufunguo wa stoo unaning'inia shingoni.

Nyumbani hakuwa na wa kumkaripia. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita, baada ya kiharusi kilichomlaza miaka kumi na moja. Miaka yote hiyo Miwani ndiye aliyemwogesha, akamlisha kwa kijiko, akamkanda mikono iliyokakamaa. Waliokuja msibani walilia, wakala, wakamwambia "usisite kutupigia," kisha kila mtu akashika njia yake. Kaka yake wa pekee alikuwa mji mwingine na mkewe na watoto, nao walitumiana ujumbe wa simu wa kutakiana heri ya sikukuu, basi. Jioni akiingia ndani, Miwani alijikuta bado ananyata sebuleni, asije akamwamsha mtu ambaye hayupo.

Mwanzoni mwa mwaka mtafiti mmoja kijana alileta kemikali mpya, akaishika kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Dada, hii acha kabisa. Ni chumvi, lakini ni majimaji. Hainuki, haifuki, haishiki moto ovyo. Ukimwaga tone leo, mwakani utalikuta palepale."

Miwani alivuta kiti, akasoma karatasi ya usalama iliyokuja nayo, kurasa kumi na mbili, mara mbili.

"Hainuki, sawa," alisema mwishowe. "Lakini hapa wameandika ni sumu ukiimeza. Inaunguza ngozi na macho. Ikifika mtoni inaua samaki. Halafu ona hapa: ikipata maji na joto, inaweza kuzaa asidi ya haidrofloriki. Unaijua hiyo?"

"Ile inayokula kioo."

"Inakula kioo, inakula na mfupa. Tena ikiwa nyepesi haikushtui. Inapita ngozini kimyakimya, maumivu yanakuja baada ya saa kadhaa, wakati wewe ushasahau ulishika nini."

Mtafiti alicheka. "Ungekuwa askari wewe, ungetufunga wote."

Miwani aliandika masharti kwa mkono wake na kuyabandika kabatini. Iwekwe pakavu. Isipashwe moto ikiwa na maji. Iliyokwisha kutumika iwekwe kwenye chupa ya plastiki yenye jina, kamwe isirudishwe kwenye kioo. Mtu asifanye kazi nayo peke yake. Mtafiti alitia saini chini ya karatasi, na yumkini hakuisoma tena. Hilo sharti la mwisho lilikuwa gumu kwa Miwani mwenyewe, maana kule stoo alikuwa peke yake asubuhi hadi jioni.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mahafali. Jengo zima lilihamia uwanjani, wahadhiri na majoho yao, wanafunzi na wazazi wao. Miwani alibaki kukagua rafu. Alisema ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba mahafali yalimkera, kila mtu ana mtu wa kupiga naye picha.

Kwenye rafu ya chini, nyuma ya makopo matupu, alikuta chupa ndogo ya kioo isiyo na jina. Chini yake palikuwa na duara la kitu kizito, cheupe kama maji, kinachovutika. Akakiinamia, hakina harufu. "Gliserini," alijisemea, akakasirika kwamba kuna mtu kaacha chupa bila karatasi. Akavaa glavu zile nyembamba zilizokuwa karibu, akafuta, akaiweka chupa kwenye trei ya plastiki, akaendelea na kazi. Glavu ya kushoto ilikuwa na tundu dogo kama la sindano penye kidole cha kati. Hakuliona.

Saa nane mchana kidole kilianza kupwita kama jino bovu. Akavua glavu, akakitazama. Hapakuwa na jeraha, ngozi tu imepauka kidogo pembeni mwa ukucha. Akanawa, akarudi kwenye rafu. Ilipofika saa tisa maumivu yalikuwa yamepanda hadi kiwiko, na jasho linamtoka. Hapo ndipo alipovaa glavu nene, akairudia ile chupa na kuinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kioo kilikuwa na ukungu. Akafuta kwa nje, ukungu ukabaki. Ulikuwa kwa ndani, na kitako cha chupa kilikuwa kimelika hadi kikapata ufa mwembamba kama unywele.

Hapo akaelewa. Mtu alikuwa ameipasha moto ile chumvi ikiwa na maji, akaimimina kwenye kioo, akaisukuma nyuma ya makopo.

Miwani alifungua bomba akaweka mkono chini ya maji, akahesabu dakika kwa sauti ili asizimie. Jeli ya kalsiamu, dawa ya kuzima asidi hiyo, ilikuwa kwenye sanduku la huduma ya kwanza ukutani, lakini kwa mkono mmoja kifuniko cha tyubu kilimshinda. Akaita. Sauti yake ilizunguka korido tupu ikamrudia. Akaita tena. Ndipo aliposikia ndoo ikitua sakafuni.

Aliyekuja ni Mama Pacha, mama wa usafi, mnene, kilemba cha bluu kichwani. Miaka mitatu walikuwa wakisalimiana mlangoni, na salamu haikuwahi kuzidi hapo, maana stoo hakuruhusiwa kuingia.

"Miwani!" Miwani alipiga kelele kwa mazoea.

"Mungu wangu, wewe unakufa na bado unauliza miwani?"

"Vaa! Iko hapo kwenye msumari. Na glavu, zile nene za kijani. Sasa fungua hiyo tyubu. Usitumie meno! Kwa mkono!"

"Haya, haya, usinifokee, ninafungua." Mama Pacha alikamua jeli. "Naipaka wapi?"

"Kidole chote. Kanda. Usiache kukanda hata nikikuambia uache."

Mama Pacha alivuta ndoo yake, akaigeuza akaikalia, akaupakata ule mkono mapajani kama anayechambua mboga, akakanda. Alikanda polepole, kwa nguvu, akizungusha kidole gumba juu ya ukucha. Miwani alikuwa ameuma midomo. Kisha machozi yakaanza kumtoka, na Mama Pacha akasema, "Pole, pole mwaya, najua inauma." Iliuma kweli. Lakini Miwani alikuwa akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimshika mkono kwa zaidi ya salamu, na hakukumbuka.

"Tumpigie nani?" Mama Pacha aliuliza. Mlangoni palikuwa na karatasi ya wafanyakazi, yenye namba ya mtu wa kujulishwa kukitokea dharura. Alivua glavu moja akabonyeza namba kwenye simu yake, kabla Miwani hajamzuia.

Simu ikaita. Ikaita mle mle stoo, ndani ya mkoba wa Miwani uliokuwa juu ya kiti, mlio wa kizamani wenye kengele.

Mama Pacha akatazama mkoba, akatazama simu yake. "Mbona inalia humu?"

"Ni ya mama," Miwani alisema. "Naichaji tu."

Mama Pacha alikata simu, akavaa glavu nyingine, akaendelea kukanda. Baadaye akampigia mlinzi wa getini, mlinzi akaleta gari la chuo.

Hospitali walimkuta daktari wa zamu ambaye hakuwahi kuona kitu kama kile. Alikitazama kidole kisicho na kidonda akataka kumpa vidonge vya maumivu amrudishe nyumbani. Miwani akatoa mfukoni ile karatasi ya usalama, kurasa zake kumi na mbili, akamwonyesha kwa kidole kizima. Daktari alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akaita wauguzi wawili. Wakamchoma kalsiamu kuzunguka kidole, wakampima damu na moyo, wakasema atalala.

"Wewe ni ndugu yake?" muuguzi alimuuliza Mama Pacha.

"Ni mtu wangu," Mama Pacha alijibu, akakalia kiti. Lakini saa kumi na mbili wanawe walianza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine, na akalazimika kuondoka. Miwani alibaki akitazama dripu. Alimpigia kaka yake.

"Pole sana," kaka alisema. "Sasa hali ikoje? Nije?"

Miwani alisikia runinga na watoto wakigombana nyuma yake. "Usijisumbue. Kesho wananiruhusu."

"Basi sawa. Utanijulisha." Na sauti ya kaka ilikuwa na nafuu ambayo hakuificha vizuri.

Mfupa ulisalimika. Ukucha ulianguka baada ya wiki mbili. Mtafiti alikuja stoo ameinamisha kichwa, akakiri kwamba chupa ilikuwa yake, alikuwa na haraka siku ile. Miwani hakumfokea. Alimpa ile chupa, ikiwa ndani ya chombo cha plastiki, aitazame kwenye mwanga. Kijana alitazama kitako kilicholika, akamtazama mkono uliofungwa. Tangu hapo alikuwa wa kwanza kuuliza nani yupo kabla hajafungua kabati.

Uongozi nao ulimtengea Miwani saa moja kila mwezi awafundishe watu wa usafi: alama za chupa, kipi wasifute, wamwite nani. Siku ya kwanza walikuja wanane. Alitafuta kilemba cha bluu, hakukiona.

"Mama Pacha? Kampuni imemhamishia jengo la utawala," mmoja alimwambia. "Tangu juzi."

Alimaliza somo. Saa saba mchana alifunga stoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana, akavuka uwanja na jua la utosi. Alipanda ghorofa tatu, akifungua milango isiyomhusu. Alimkuta kwenye kichumba cha vifaa vya usafi, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevua viatu, kichwa kimeegemea ukuta, amelala fofofo.

Miwani alisimama mlangoni. Alifikiria kurudi alikotoka. Mtu amechoka, na yeye ni nani wa kumwamsha? Halafu aliona ndoo kavu kwenye kona. Akaigeuza taratibu isipige kelele, akaikalia, akasubiri.