Kitanda cha Kumi na Mbili

Meli ya utafiti ilikuwa na vitanda ishirini na vinne vya wanasayansi, na mkataba ulivigawa katikati: kumi na viwili vyetu, kumi na viwili vya nchi ya pili. Mimi ndiye mratibu wa upande wetu. Watu wanadhani kupanga safari ya kuchunguza bahari ni mambo ya mawimbi na samaki. Ni mambo ya vitanda.

Kumi na kimoja nilivijaza kwa siku tatu. Nilipata mtaalamu wa mikondo ya maji, wa samaki, wa matope ya chini ya bahari, na daktari aliyeuliza mara nne kama melini kuna mtandao. Cha kumi na mbili kilikuwa cha fundi wa maabara, na fundi wa kuaminika tuliye naye ni mmoja tu. Ofisi nzima inamwita Bi Chupa. Miaka kumi na moja anaosha chupa za kuchukulia maji ya bahari, anazibandika lebo kwa mwandiko wake uliolalia kushoto, anazipanga masandukuni na kuzisindikiza mpaka bandarini. Meli yenyewe hajaipanda hata siku moja.

Bi Chupa ni dada yangu, tumbo moja. Safari nne nimeziratibu, na zote nne nilipeleka mtu mwingine. Niliogopa midomo ya watu. Karani wa masjala angelisoma jina lake tu, umbea ungefika ghorofa ya juu kabla ya chai ya saa nne.

Hakuwahi kuniomba. Angeniomba, angalau ningepata pa kumkatalia. Alhamisi aliingia ofisini kwangu na orodha yake mkononi.

"Mdogo wangu, safari hii chupa mia sita. Huko melini atazipokea nani?"

"Bado tunaangalia."

"Mnaangalia wewe na nani?"

Nikajifanya natafuta faili. Akacheka kidogo, kicheko chake cha tangu utotoni, cha kunionea huruma.

"Haya. Huyo mtakayemwona, mwambie chupa za kahawia zisiguse sabuni. Sabuni inaharibu vipimo."

Sasa, mkataba ulikuwa na kifungu: kitanda kisichojazwa mpaka Ijumaa saa sita mchana kinakwenda upande wa pili. Kifungu hicho nilikiandika mwenyewe, ili kuwabana wao. Ijumaa nikatuma majina kumi na moja, na mstari wa mwisho nikaandika "atatajwa baadaye." Nilijua ninachofanya. Kitanda kikienda kwao, nilijiambia, si mimi niliyemnyima.

Jumatatu orodha yao ikaja na majina kumi na matatu. La kumi na tatu lilikuwa la dada yangu. Nikampigia simu mtafiti mkuu wao, mama mmoja asiye na salamu ndefu.

"Huyu fundi ni wetu," nikamwambia.

"Kama ni wenu, mbona hamkumwandika? Chupa zetu wenyewe zimewahi kutuvuruga. Zake, hata moja haijawahi. Kila safari tunamngoja. Tukadhani ana hofu ya bahari."

Nikamwambia hana hofu ya bahari. Simu ilipokatika nilikaa hapo hapo, nimejaa aibu mpaka masikioni.

Barua yao ya kumwalika ilipofika, nikaipeleka maabara mwenyewe. Dada alifuta mikono kwanza, akaisoma mara mbili.

"Walioniandika ni hawa?"

"Ndio."

"Si nyinyi."

"Si sisi, dada."

Akaiweka barua kwenye mfuko wa aproni, akavuta droo na kunikabidhi funguo za stoo.

Siku ya kuondoka alipanda ngazi ya meli amevaa koti la buluu la upande wa pili, mikono ya koti mirefu hadi kumfunika vidole. Wetu walivaa ya manjano. Makoti ya manjano niliyaagiza kumi na mawili, mwezi mmoja kabla ya orodha. Moja limebaki, linaning'inia nyuma ya mlango wa ofisi yangu. Niliagiza lishonwe kwa kipimo chake.