Filta Siku ya Posa

"Wakija kwa miguu, watarudi kwa miguu." Hizo ndizo salamu alizotutumia Mzee Rwehumbiza wa Buhongwa kabla ya siku ya posa, na mimi Kemilembe, shangazi wa Muganyizi, muoaji, nilizipokea nikiwa na mwiko mkononi. Mzee alikuwa na sababu. Mara mbili gari la Muganyizi lilizimika njiani akiwa na Noela, binti wa mzee, na mara mbili baba mtu akaenda kumchukua mwanawe kando ya barabara. Mwanamume wa kusukumwa, alisema, simpi binti.

Nilimwuliza Muganyizi gari linaumwa nini.

"Filta ya mafuta imeziba, shangazi. Lakini imo ndani ya tangi, imeungana na pampu. Kitabu cha gari kinasema haibadilishwi. Ni ya maisha."

"Maisha ya nani?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu anauza samaki, anamimina kwenye gari petroli ya mapipa yenye kutu kule mwaloni, soko la samaki ufukweni, halafu ananisomea kitabu!

Jumamosi tukaondoka mapema: Muganyizi kwenye usukani, mimi, mshenga wetu Mzee Shaibu na kanzu yake iliyopigwa pasi, na nyuma mikungu ya ndizi na kreti za soda. Gari likakohoa Nyakato. Likakohoa Mkuyuni. Chini ya mlima wa akina Noela, nyumba tunaiona kabisa, likazima.

Nilitaka kulia, nikaona heri nigombe. Ugomvi haujafika mbali, migomba ikatikisika. Akatokea Noela, kanga kiunoni, begi la spana mkononi. Siku ya posa binti hukaa chumbani mpaka aitwe, haonekani na mtu!

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Rudi ndani, mwanangu!"

"Nitarudi."

Mzee Shaibu akageukia ukuta wa jirani. "Mimi sijamwona mtu," akasema, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Noela anauza spea Igoma, ugonjwa wa gari alishaujua, na vitu vyote alikuja navyo. Akachomoa waya wa betri, akainua kiti cha nyuma, akafungua tangi, akatoa pampu. Ile filta ya maisha ilikuwa nyeusi tii. Akaiondoa kwenye njia ya mafuta, akaweka bomba jipya la mpira mahali pake, akairudisha pampu tangini, kisha akaingia chini ya gari kufunga filta nyingine nje, mahali ambapo mtu anaweza kuibadilisha bila kugusa tangi. Mimi nimesimama barabarani na kitenge kipya, nimekumbatia mkungu wa ndizi, nacheka kama nimekunywa rubisi, pombe ya ndizi.

Muganyizi naye akataka kuonekana ana msaada. Akatoa mfukoni filta ya plastiki. "Hii je?"

"Hiyo ni ya bodaboda, mpenzi. Presha ya pampu hii itaipasua, tuungue sote." Akafunga yake ya chuma, akakaza, akarudisha kiti na waya wa betri.

Gari likawaka mara moja. Noela alikuwa ameshapotelea kwenye migomba. Tukaupanda ule mlima kwa honi, na vigelegele nikavipiga mwenyewe dirishani, haya zote nimeziacha chini.

Mzee Rwehumbiza alitoka barazani, akalizunguka gari akitafuta kasoro. Hakuipata. Tukakaribishwa. Mshenga akasema maneno yake matamu, kisha binti akaitwa.

Aliingia amejitanda kitenge, macho chini, mpole kama hajawahi kuliona jua. Sebule nzima ikanuka petroli. Nikakohoa kwa nguvu. Mzee Shaibu akaanza kusifia mapazia.

Baba mtu akavuta pumzi puani. Akazitazama kucha za mwanawe, nyeusi kwa grisi. Kwa desturi lilibaki swali moja tu, na jibu lake ndilo lingetupa mke au kuturudisha nyumbani mikono mitupu.

"Noela, wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba." Akainua macho. "Mimi ndiye niliyewaleta."

Mzee akamtazama binti, akamtazama Muganyizi, kisha akanigeukia mimi, kicheko kimeshamshinda.

"Shangazi, kumbe posa hii tuliishika kichwa chini miguu juu. Huyu kijana wenu tunamchukua sisi."

Muganyizi, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema hata neno moja, aliruka kitini akasema, "Asante, baba!" Nami nikapiga vigelegele mpaka Mzee Shaibu akaziba masikio.