Ndege wa Kidoti

Kila Jumatano watoto wa chekechea walitengeneza ndege. Kiwiliwili kilikuwa bomba la ndani la karatasi ya chooni, mdomo kipande cha boksi, na mabawa yalipatikana kwa kuzungusha kalamu kwenye viganja vya mtoto mwenyewe. Macho, punje mbili za pilipili manga, mwalimu aliyabandika mwisho kabisa, baada ya kufungua dirisha. Ndege akishapata macho huruka kwenda nyumbani kwa aliyemtengeneza, na dirisha likiwa limefungwa hujigonga kwenye kioo akavunjika mdomo.

Wazazi walishazoea. Wakikuta ndege juu ya jokofu au kwenye kamba ya nguo, walijua mtoto naye yu njiani, wakapasha chakula.

Ndege wa Kidoti peke yake hakutoka. Alizunguka darasa, akaingia kabatini, akajibanza nyuma ya makopo ya gundi. Watoto wengine wakacheka mpaka wakashika matumbo.

"Mwalimu, mwache alale humo," alisema Kidoti, akijikuna ile alama nyeusi ya kidevuni iliyompa jina. "Mimi nitaenda."

Kesho yake mwalimu alipofungua kabati, bawa la kushoto lilikuwa la zambarau kuanzia kidole gumba. Darasa halikuwa na krayoni ya zambarau. Kidoti alikuja na sweta siku ya jua kali, na alipokunjwa mikono ya sweta ili anawishwe, mkono wa kushoto ulikuwa wa rangi ileile, mahali palepale.

Wiki iliyofuata ndege wa pili alilala kabatini, akaamka na mistari ya mkanda mgongoni. Safari hii mwalimu hakuhitaji kumfunua mtoto. Aliwabeba ndege wote wawili hadi kwa mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, naye akawageuza mmoja mmoja kwenye mwanga.

"Hili ni pigo la mkanda," alisema. "Na ni baba yake mdogo, maana ndiye anayekaa naye."

"Sasa tunafanyaje, mama?"

"Gundi ile nani anatuletea? Karatasi je? Mkono mtupu haulambwi, mwanangu."

"Basi niende polisi mwenyewe."

"Mtoto ataulizwa, atasema alianguka. Wote huanguka. Baada ya hapo utawaonyesha nini, ndege?" Aliwarudisha ndege mikononi mwa mwalimu, taratibu, asiwakunje mabawa.

Jumatano iliyofuata, saa ya kutoka, mwalimu alipiga moyo konde. Baba mdogo alipofika mlangoni na robota la karatasi begani, alimkuta amesimama katikati ya mlango, Kidoti nyuma yake amemkamata sketi.

"Leo atachelewa kidogo. Hajamaliza ndege wake."

"Hamna shida, mwalimu. Nitamsubiri."

Aliingia, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfikia kifuani. Alikuwa mtu wa ucheshi. Kabati likaanza kutikisika. Humo ndani mabawa ya karatasi yalikuwa yanapiga mbao, hayatulii.

"Mna panya?"

"Ni ndege wa Kidoti."

"Mbona hawaji nyumbani?"

Mwalimu aliona mwalimu mkuu amesimama koridoni, miwani mkononi. Jibu alikuwa nalo.

"Wamezoea hapa," alisema, na akajichukia kabla hajafunga mdomo.

"Ah, basi wamebanana, masikini!" Baba mdogo akainuka, akamshika Kidoti kifundo cha mkono, wino wa kalamu bado haujamkauka vidoleni. "Nitawaletea kabati kubwa."

Mtu wa ahadi yule. Kabati lilikuja kabla ya wiki kuisha, la mbao nzuri, lenye nafasi ya ndege wa mwaka mzima. Mwalimu mkuu akashukuru mbele ya wazazi, nao wakapiga makofi.

Jumatano Kidoti akaweka viganja juu ya karatasi kama kawaida. Mwalimu akazungusha kalamu polepole, akipitia mbali kidogo pale palipovimba.