Ndogo kwa Umbo, Kubwa kwa Sauti

Pale hotelini walimwita Bi Kidole, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake. Kazi yake ilikuwa kukagua vyumba baada ya wasafishaji kumaliza. Akiingia, hakiangalii kitanda kilichotandikwa wala taulo lililokunjwa vizuri, maana huko ndiko kila mtu anakotaka uangalie. Yeye huanza juu ya fremu ya mlango, akapitisha kidole. Kisha huinua pembe ya godoro, hunusa mto, huinama nyuma ya choo. Na hajawahi kutoa taarifa kwamba anakuja. Wasafishaji wapya aliwafundisha hivyo siku ya kwanza: chumba kilichopewa taarifa husema uongo.

Siku hiyo hakuwa kazini. Alikuwa amesimama katika duka la vifaa vya umeme, na kilichokuwa kikimtia kinyaa hakikuwa vumbi. Kilikuwa mdogo wake wa kiume.

Mdogo wake huyo, ukoo mzima ulimwita Mkurugenzi, kwa kuwa aliongoza ofisi ya watu watatu na feni moja, na huwezi kukaa naye hata kidogo asikukumbushe. Mama yao aliishi kwake. Nyumba yake ilikuwa kubwa, ya Bi Kidole vyumba viwili tu, kwa hiyo mambo yalipangwa hivyo na kila mtu akaona yamepangwa vyema. Juzi alimpigia dada yake simu akasema mama anachoshwa na ukimya, wamnunulie seti ndogo ya muziki ya kuweka chumbani, iwe zawadi ya watoto wote. Bi Kidole alifurahi mno. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu huyu kuwaza zawadi ambayo hangeitumia mwenyewe.

Furaha hiyo haikufika katikati ya duka. Bi Kidole alikuwa amekwisha kuiona aliyoitaka: redio ya kadiri, spika zake mbili zimezungushiwa mbao, vitufe vikubwa ambavyo mama angeweza kuvipapasa bila miwani. Muuzaji alipoiwasha, mwimbaji alisikika mpaka anavyovuta pumzi. Mama alipenda nyimbo za dansi za zamani na salamu za wasikilizaji, na Bi Kidole alimwona kabisa akikaa karibu na redio ile, akitikisa kichwa taratibu. Mkurugenzi aliicheka kwa pua. Akaenda kwenye sabufa nyeusi yenye taa nyekundu na buluu zinazozunguka kama gari la zimamoto, akaifungulia mpaka glasi za rafu ya jirani zikagongana.

"Hii ni ndogo kwa umbo, kubwa kwa sauti," akasema muuzaji, kwa uchovu wa mtu aliyesema hivyo tangu asubuhi.

Mkurugenzi alitaka kujua kama inaweza kupiga yenyewe kutwa nzima, flashi ikishachomekwa, bila mtu kuigusa. Inaweza. Alitaka kujua kama sauti yake inafika sebuleni mlango ukiwa umefungwa. Inafika, bosi, hadi kwa jirani. Muda wote huo alikuwa akitafuna jojo mdomo wazi, likipinduka ulimini kila mtu aone. Kisha akasimama kando ya sabufa, akaishika begani kama rafiki wa zamani, akajipiga picha na kuituma kwa ukoo wote kabla hajainunua. Pongezi zikaanza kuingia. Mwana mwenye baraka. Mfano wa kuigwa. Akawa anazisoma kwa sauti, na Bi Kidole akahisi mate yanamjaa mdomoni, akayameza kwa kuwa lile lilikuwa duka la watu.

Alimwambia ndugu yake kwamba mama si ukumbi wa disko. Mkurugenzi akajibu kwamba dada hajui mambo ya kisasa.

Muuzaji, akiogopa wateja wasije wakagombana wakaondoka, akauliza redio itakaa wapi. Rafu ya chumbani ina upana gani? Soketi iko karibu? Maana waya wa hii ni mfupi.

"Soketi ipo, ipo," akasema Mkurugenzi, akipunga mkono kama anayefukuza nzi. Kuhusu rafu, alitanua mikono, akaipunguza, akaitanua tena, mwisho akasema ni rafu ya kawaida.

Bi Kidole alikereka. Mwanamume hajui chumba cha nyumba yake mwenyewe! Lakini alipotaka kumjibu muuzaji yeye, akagundua kwamba naye hakijui. Kila Jumapili alikwenda kumwona mama, na kila Jumapili alipiga simu kwanza, kwa adabu, asije akamkuta wifi yake hajajiandaa. Angemkuta mama sebuleni kwenye kochi kubwa, ameogeshwa, amepakwa mafuta, kitambaa kizuri kichwani, chai mezani. Mama angesema hajambo, ameshiba, anatunzwa. Bi Kidole angerudi kwake moyo mweupe. Mtu ambaye hakuwahi kuwapa taarifa wasafishaji wa hotelini alikuwa akiipa taarifa nyumba ya ndugu yake miaka yote hiyo, na wala hakuona ajabu. Nyani haoni kundule.

Wakakubaliana warudi wakishapata vipimo. Mkurugenzi akasema atapima yeye, kisha akakimbilia ofisini. Bi Kidole alikuwa na futi ya kupimia mapazia mkobani, na hakuona sababu ya kumsubiri mtu asiyejua rafu yake. Akaenda moja kwa moja. Hakupiga simu, kwani kupima rafu hakuhitaji chai.

Wifi yake alifungua mlango nywele zimesukwa nusu. Uso wake ulibadilika.

"Dada, si ungepiga simu."

Bi Kidole alimweleza kwamba anapima rafu tu, haketi. Wifi akasema mama amelala, asubiri hapo sebuleni, atamleta. Maneno hayo, Bi Kidole aliyajua. Wasafishaji humwambia hivyohivyo kila siku: kile bado, Bi, anza na hiki. Basi akampita wifi, akayapita makochi yanayong'aa na mapazia ya kukunjwa mara mbili, akapita jikoni, akafika mwisho wa korido ambako hakuwahi kufika. Kulikuwa na mlango mmoja. Komeo lake lilikuwa kwa nje.

Harufu ilimpokea kabla ya kitu kingine. Bi Kidole alikuwa ameingia vyumba vya walevi, vya wagonjwa, na cha mtu aliyefuga paka watatu kwa siri. Alijiona hana harufu asiyoijua. Hii ilikuwa ya mkojo uliokaukia juu ya mkojo, wa siku nyingi, wa mahali ambapo watu wameacha kusafisha na kuamua kufunga mlango. Na mlango wenyewe haukufunguka wote, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na makopo ya rangi na matairi ya gari. Dirisha lilizibwa kwa kadibodi. Balbu hakuna. Rafu hakuna. Ukutani, mahali pa soketi, palikuwa na tundu lenye nyaya mbili zilizofungwa kwa nailoni. Juu ya kigoda kimoja kulikuwa na sahani ya chakula cha jana, sisimizi wakipanda na kushuka, na chini yake, karibu kiasi cha mtu kuvifikia vyote kwa mkono mmoja, ndoo isiyo na kifuniko. Nzi walitoka kwenye ndoo wakatua kwenye sahani, wakarudi.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bi Kidole aliwahi kuusema msemo huo mara nyingi kwa mzaha; sasa haukuwa mzaha.

Kwenye msumari wa ukutani, ndani ya mfuko safi wa nailoni, lilining'inia gauni alilovalishwa mama kochini kila Jumapili, na kitambaa chake cha kichwa.

Mama alikuwa ameketi kitandani. Alikodoa macho kwenye mwanga wa mlango, akamtambua binti yake, na mikono yake ikapanda kichwani kulaza nywele.

"Leo Jumapili?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Mbona sijaogeshwa." Hakuwa akilalamika. Alikuwa akiomba radhi.

Bi Kidole aliketi kando yake, na kwa mazoea ya kazi mkono wake ukainua pembe ya godoro. Sponji ilikuwa nyeusi, imelowa, na mende wakatawanyika kuelekea ukutani. Akaiachia. Alimuuliza mama tangu lini analala humu, na mama akazunguka mbuyu kwanza: nyumba ni ya wenyewe, mkwe ana kazi nyingi, mdogo wako ana wageni wakubwa, mtu mzima hapaswi kuwa mzigo. Bi Kidole akauliza akitaka kwenda haja anafanyaje, na mlango umefungwa kwa nje.

"Naita," mama akasema. "Wakisikia wanakuja, wasiposikia ndoo ipo. Ila wakiwa na wageni si vizuri, mtu anaita choo, choo, huko wenzake wanakula. Ndiyo maana ndugu yako ananiletea redio. Kasema ikishalia, hata nikiita sisikiki nje, nami sitaona aibu. Ana huruma, yule."

Bi Kidole alitoka. Alifika kwenye sinki la jikoni akatapika, wifi yake akiwa amesimama pale na chanuo mkononi. Kila kitu alichokiona dukani kilirudi na uchungu wa nyongo: kutwa nzima bila mtu kuigusa, inafika sebuleni mlango ukiwa umefungwa, mwana mwenye baraka. Alikuwa amesimama pale akibishana kuhusu mbao na taa. Alijichukia kwa hilo, lakini chuki kubwa aliiweka inapostahili. Akasukutua, akafungua bomba, akasafisha sinki mpaka likang'aa kwa kuwa hakujua kuacha sinki chafu.

Wifi alikuwa ameshapiga simu, maana Mkurugenzi aliingia anahema. Alisimama koridoni, mbali na mlango. Akaanza kusema kabla hajaulizwa: nyumba inafanyiwa ukarabati, fundi umeme kaahidi mara ngapi, chumba hicho ni cha muda tu, mama mwenyewe ndiye hataki usumbufu, na dada asiyelala naye hawezi kujua. Bi Kidole alimwacha amalize. Maneno aliyokuwa nayo hayakufaa kusemwa mama akisikia, akatafuta moja linalofaa.

"Chumba hiki hakina soketi," akasema.

Mkurugenzi akashusha pumzi. Mabega yake yakalegea, mtu akamwona kabisa alivyopata nafuu.

"Ah, dada, kumbe hilo tu. Si zipo za betri?"

Bi Kidole alirudi chumbani, akachukua ule mfuko wa nailoni kwenye msumari, akamwambia mama kwamba anaondoka naye leo, sasa hivi, wakishaoga kwenye bafu la wageni. Mama alitazama chini. Alihofia mwanawe atasemwa. Alihofia vyumba viwili havitoshi. Akauliza, kwa sauti ambayo hata redio iliyozimwa ingeifunika, kwamba huko akiita itakuwaje.

"Nitasikia, mama. Ukuta ni mmoja."

Mama akafikiri. Kisha akanyoosha mkono ashikwe.

Walitoka polepole kuelekea bafuni, mama ameegemea bega lake, gauni la kulalia limemgandia nyuma. Bi Kidole alihisi unyevu ukipenya kwenye nguo yake, na tangu asubuhi hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikumtia kinyaa. Korido ilikuwa nyembamba. Mkurugenzi alijibana ukutani awapishe, na walipomfikia alitoa leso yenye manukato mfukoni, akajiziba pua.

Bi Kidole aliinua mkono amzabe kofi. Vidole vya mama, vikavu na vyepesi, vikaukamata.

"Mwache, mwanangu," mama akasema. "Hajazoea."