Ganda la Utepe

Hakuna mtu aliyejua matairi ya baiskeli za mashindano kama Bibi Gundi. Mwenyewe alisema hivyo kila asubuhi akifungua mlango wa karakana: "Mimi gundi mbichi na gundi iliyokauka nazitofautisha nikiwa nimefumba macho!" Kisha akaongeza, "Baiskeli yenyewe ndiyo sijui kuipanda. Nilijaribu siku moja, nikaingia nayo jikoni kwa watu."

Mumewe, ambaye waendeshaji wote walimwita Mzee Utepe, alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

Majina hayo hawakuyapata bure. Tairi la mashindano tyubu yake imeshonewa ndani, kama pamba ndani ya mto. Halina ukingo wa kung'ang'ania ringi. Kinacholishika ni gundi, au utepe unaonata pande zote mbili. Bibi alikuwa mtu wa gundi: paka, acha ikauke, lala, amka, paka tena. Mzee alikuwa mtu wa utepe: zungusha, bandika, chomoa ganda, nenda zako kanywe chai. Walibishana hivyo ndoa yao nzima. Siku wasiyobishana, majirani waliuliza nani anaumwa.

Lakini safari hii Bibi hakuwa na utani. Mjukuu wao wa kike angeshindana keshokutwa, na njia ilipita kwenye kona ileile ya mteremko ambako mwaka jana tairi la mbele, lililofungwa kwa utepe na fundi mwingine, lilichomoka na kumwacha binti akiburuzika kwenye lami. Kovu la kiwiko lilikuwa bado linang'aa. Na kifundo cha mkono wa Bibi kilikuwa kimevimba. Hata dawa ya meno ilimshinda kukamua, sembuse kuvuta tairi jipya juu ya ringi.

"Mke mwenzangu, usiwe na wasiwasi," binti alimwambia. "Babu atalifunga."

"Kwa utepe?"

"Kwa utepe," Mzee alidakia. "Na mtu asinichungulie."

Akajifungia karakanani siku hiyo, na kesho yake akajifungia tena. Bibi alichungulia, bila shaka. Kupitia ufa wa mlango aliona mgongo tu, lakini mgongo ule ulimtosha: Mzee alilivuta tairi kwa viganja vyote viwili, mabega yakishuka pamoja, polepole, bila kuguna wala kutukana. Likaingia kwenye ringi kama mtoto anayevalishwa fulana akiwa usingizini. Bibi alisahau kidogo kwamba amenuna. Mtu yule alijua kazi, jamani.

Mlango ulipofunguliwa, alilikamata gurudumu hata kabla ya salamu. Akalizungusha, halikuyumba. Akalisukuma tairi pembeni kwa dole gumba la mkono mzima. Halikusogea. Akasukuma tena, akitafuta kosa kwa bidii ya mama mkwe. Wapi!

"Umeniweza," alisema, na alimaanisha. "Sijapata kuona utepe ukishika hivi."

"Utepe ni utepe," Mzee alisema, kifua mbele, mikono mfukoni. "Wengine bado wanahangaika na makopo ya gundi."

Bibi akatazama sakafu. Atumiaye utepe huacha ganda, ukanda mrefu wa karatasi unaozunguka ringi nzima na kuchomolewa mwishoni. Tangu waoane, Mzee aliliacha hapohapo chini, na Bibi ndiye aliyelifagia. Leo sakafu ilikuwa tupu.

"Mume wangu, ganda liko wapi?"

"Nimelifagia."

"Wewe?"

Binti akaziba mdomo kwa kanga ya bibi yake.

"Watu hubadilika," Mzee alisema.

"Hongera sana. Basi nipe mkono nikupongeze."

"Mkono wa nini? Kwani sisi wageni?"

"Mkono, mzee."

Akautoa taratibu. Mfuko nao ukatoka, umenata kwenye vidole vyote.